Pindua Kwanza: Kutafuta Samani za Mbao kutoka Ohio hadi Pennsylvania

Jumapili, Springfield, Ohio

Tulitoka Columbus alfajiri, mimi na shemeji, gari la mizigo likiwa na mablanketi na kamba tu. Gulio la vitu vya kale la Springfield hufanyika kwenye uwanja wa maonyesho wa Kaunti ya Clark, na wenye macho huwa wameshazunguka nusu ya uwanja kabla jua halijapanda. Mkobani nina tochi, futi, sumaku ndogo na kitambaa cheupe. Ninachotafuta ni samani za mbao zilizotengenezwa Marekani kuanzia Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha hadi katikati ya miaka ya 1960: miguu myembamba inayochongoka kuelekea chini, mistari iliyotulia, nakshi hakuna, mbao yenyewe ndiyo pambo. Mtindo huu umerudi kupendwa sana, na siku hizi kila kabati lenye miguu minne iliyochongoka linatangazwa kuwa la enzi hizo, hata kama limetoka kiwandani mwaka juzi.

Kwa hiyo sura siiamini. Naanza na mgongo na tumbo. Navuta droo hadi itoke yote, naigeuza, namulika. Droo ya kiwanda kizuri cha wakati ule pembe zake zimeumana kwa meno yaliyopanuka nchani, hakuna msumari, na ukiitikisa hailii. Meno yakiwa sawasawa kabisa, yamekatwa kwa mashine. Hilo ni jambo la kawaida, viwanda hivi vilikuwa vikubwa na havikuona aibu ya mashine. Nikikuta droo inatembea juu ya reli ya plastiki, au pembe zimebanwa kwa pini za stepla, narudisha na kuendelea na safari. Vishikio vya shaba navipima kwa sumaku: shaba haishiki sumaku, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinashika.

Kabla ya saa tatu tulikuwa tumelipata kabati la nguo la Heywood-Wakefield. Ukishaliona moja hutalisahau. Ni mbao nzima za mti wa bachi, pembe zimelainishwa hadi zinaonekana kama zimeoshwa na maji, na vishikio vya droo vimechongwa kutoka kwenye mbao ileile. Ndani ya droo ya juu kulikuwa na chapa ya moto yenye tai na jina la kampuni. Kampuni hii ilizaliwa mwaka 1897 huko Massachusetts, Heywood Brothers walipoungana na Wakefield Rattan. Huyo Cyrus Wakefield alianza kutajirika kwa henzerani: alizikuta zimetupwa bandarini Boston, zikiwa zimetumika kukazia shehena kwenye meli zilizotoka Asia, akaona ndani yake viti. Kiwanda chao cha mjini Gardner kilifungwa mwaka 1979.

Muuzaji alitaka dola 400. Sikulinunua, na sababu yake inafaa kuelezwa. Heywood-Wakefield walipaka bachi rangi zao maalumu, Wheat na Champagne zikiwa ndizo maarufu zaidi, na rangi hizo zimo ndani ya vanishi, si ndani ya mbao. Mtu alikuwa amelipiga kabati hili msasa hadi likabaki jeupe, kisha akalipaka vanishi isiyo na rangi. Mbao ni nzima, umbo ni lilelile, lakini ile rangi ya asali iliyokuwa ikiunganisha kabati, kitanda na meza ya kujirembea kuwa jamaa moja imekwenda. Inarudishika, kwa kazi. Kwa dola 400 kazi hiyo ingekuwa juu yangu.

Viti viwili vya mbunifu Paul McCobb ndivyo tulivyopakia. Ni vya mkusanyiko wake wa Planner Group, uliotengenezwa Winchendon, Massachusetts, hadi mwaka 1964: mbao nzima za mti wa mepli, mgongo wa fito nyembamba, bei yake ikiwa imekusudiwa familia changa zilizokuwa zikianza maisha baada ya vita. Wanaokusanya kwa majina humpita McCobb kwa sababu si adimu. Mimi nampenda kwa sababu hiyohiyo. Mtu aliyefanya kitu kizuri kikafika kwenye nyumba nyingi hakustahili kuadhibiwa kwa kufaulu.

Jumatatu, Berne, Indiana

Mji mdogo wenye asili ya Waswisi, na mnara wa saa wa kukumbusha Bern ya kwao. Hapa ndipo kilipokuwa kiwanda cha samani cha Dunbar, ambacho Edward Wormley alianza kukibunia mwaka 1931. Wormley hakuwa na haraka ya kuvunja ya kale. Aliyasoma, akayapunguza uzito. Meza zake za Janus za mwaka 1957 zimepachikwa vigae, vingine vya Tiffany, na bado zinaonekana changa. Kibao kidogo cha shaba chenye maneno "Dunbar" na "Berne, Indiana" ndicho cha kutafuta ndani ya droo. Tulikula, tukapiga picha ya mnara, tukaelekea kaskazini.

Jumanne, Grand Rapids na Zeeland, Michigan

Asubuhi tulikwenda Makumbusho ya Umma ya Grand Rapids, ambako sehemu nzima imetengwa kwa ajili ya historia ya viwanda vya samani. Mji huu uliitwa Mji wa Samani, na ukisimama kando ya Mto Grand unaelewa sababu: misitu ilikuwa juu, mto ukashusha magogo, maji yakazungusha mashine. Maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876 yakautangaza nchi nzima. Baadaye, kati ya mwaka 1943 na 1956, Robsjohn-Gibbings, Mwingereza aliyehamia Marekani, aliibunia kampuni ya Widdicomb ya hapa samani tulivu za mbao ya walnati zenye mapaja membamba. Hizo nazitazama tu.

Zeeland iko magharibi kidogo. Mwaka 1923 D. J. De Pree alinunua kampuni aliyokuwa akifanyia kazi kwa msaada wa baba mkwe wake, Herman Miller, akaipa jina la mzee huyo. Baada ya vita kampuni ya mji huu mdogo ikawa na George Nelson kama mkuu wa ubunifu, na wabunifu Charles na Ray Eames, mume na mke, wakiileta plaiwudi iliyokunjwa. Eames walijifunza kuikunja kwa kazi ya vita: mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliagiza kwao magango ya plaiwudi ya kufungia miguu iliyovunjika, na takriban 150,000 yakatengenezwa. Joto, gundi na shinikizo vilivyoufuata mguu wa askari ndivyo vilivyokuja kuufuata mgongo wa mtu aliyekaa sebuleni.

Katika duka moja la vitu vya kale la eneo hili nilikaa saa nzima na kiti chao cha mwaka 1956, kile kipana cha ngozi chenye kiti kidogo cha kuwekea miguu. Hakuna samani ya Marekani inayoigwa zaidi ya hii, kwa hiyo niandike ninachokitazama. Maganda ya mbao ya kiti halisi hayana skrubu wala bolti inayotokeza upande wa nje. Hakina kitasa cha kukilaza nyuma. Mwinamo wake ni mmoja, umepimwa. Chini kina nyota ya miguu mitano, na kile kidogo kina minne. Ukingoni mwa ganda hesabu tabaka: vya zamani vina tabaka 5 za plaiwudi, vya sasa 7. Kisha shika mgongo kwa upole uone kama unacheza. Maganda yameshikwa kwa vipande vya mpira vilivyogundishwa kwenye mbao, na mpira wa miaka 60 hukauka, huachia, na ukiachia mgongo unaweza kung'oka ghafla na kuchana mbao. Usimkalishe babu kwenye kiti cha zamani kabla hujavikagua vipande hivyo. Kiti kinachofanana nacho cha Plycraft, kampuni ya Lawrence, Massachusetts, ni kizuri kwa haki yake, kina wapenzi wake, ila kisiuzwe kwa jina la Eames.

Kiti cha dukani kilikuwa cha mti wa waridi wa Brazili, hudhurungi yenye mishipa myeusi inayotembea kama moshi. Hapo nilisimama kwa sababu nyingine. Mti huo, *Dalbergia nigra*, ni wa jenasi moja na mpingo wetu, *Dalbergia melanoxylon*. Mimi ni mtu wa Lindi. Nimekua nikiona magogo ya mpingo yakipita barabarani, mti unaoishi miaka mingi kabla haujafaa kukatwa. Ule wa Brazili ulikatwa kwa ajili ya magitaa na vinia, yaani tabaka jembamba la mbao linalogundishwa juu ya samani, hadi mwaka 1992 ukawekwa kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, yaani biashara yake ya kimataifa imefungwa isipokuwa kwa kibali. Mwaka 2017 jenasi nzima, mpingo ukiwemo, iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II. Kwa ndugu zangu wanaojaza kontena kupeleka nyumbani hili ni jambo la vitendo: kiti cha zamani cha mti wa waridi wa Brazili kinahitaji karatasi kabla hakijavuka mpaka, na umri wake peke yake hautoshi kukivusha. Chukua cha walnati. Hakuna atakayekuuliza habari za mti huo mpakani.

Jumatano, Kentwood, Michigan

Tulilala kwa mzee mmoja wa Bukavu, jamaa wa rafiki wa shemeji. Eneo hili lina Wakongo wengi, na jikoni Kiswahili cha Kivu na cha pwani vilikutana bila shida. Mzee alikuwa seremala kabla ya kukimbia vita na sasa yuko kwenye kiwanda cha samani za ofisi. Nilimletea kimoja cha viti vya McCobb, ambacho fito yake moja ilikuwa inazunguka kwenye tundu. Alikigeuza, akakigonga kwa vidole, akasema, "Mtoto yangu, kiti hii iko nguvu. Gundi ndiyo imechoka."

Akaeleza huku akifanya. Gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani, kwa hiyo fito ilitolewa, tundu likakwanguliwa hadi mbao ikaonekana, gundi ikatiwa kidogo, kamba ikazungushwa na kukazwa kwa kijiti. Alikataa katakata nilipomweleza kuwa watu hupiga skrubu pembeni. Mbao hupumua, hunywea na kuvimba kwa majira, skrubu haifanyi hivyo, na mwisho wake ni ufa. Mkewe alituita mezani mara mbili kabla mzee hajaridhika na ile kamba. Kiti hakikuguswa tena hadi asubuhi.

Alhamisi, kando ya Grand Rapids

Siku iliyokuwa na mavuno. Hapa Marekani mwenye nyumba akifariki au akihamia kwa watoto, familia huweza kufungua milango na kuuza vyombo vyote humohumo ndani, kila kitu na bei yake. Unaingia kwa zamu. Mimi huingia kimyakimya na kusalimia kwanza, maana ni nyumba ya watu. Sebule ya nyumba hii ilikuwa ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na mbele ya kochi kulikuwa na meza ndefu ya Lane Acclaim.

Acclaim ni mkusanyiko wa Andre Bus kwa kampuni ya Lane ya Altavista, Virginia. Unaujua kwa mbali: katikati ya uso ni walnati, na kwenye ncha zote mbili mbao nyepesi zaidi inaingia kwa umbo la meno makubwa ya kiungo cha droo. Meno hayo ni pambo la vinia, hayashikilii chochote. Hapa nataka kuitetea vinia, kwa sababu wenzetu wengi wakisikia neno hilo hudhani wamepunjwa. Vinia ya walnati ni walnati. Iligundishwa juu ya mbao nyingine ili uso mpana usipinde kwa baridi na joto, na ili mishipa ya mti mmoja mzuri ienee kwenye meza nyingi. Kilicho duni ni karatasi iliyochapwa picha ya mbao. Ili kuvitofautisha fuata mishipa kutoka juu hadi ukingoni: kwenye mbao nzima mishipa inashuka na kugeuka duara au vitobo kwenye kichwa cha ubao, kwenye vinia inakatika ghafla au imefunikwa na utepe, kwenye karatasi michoro inajirudia ileile, na kucha haipati bonde lolote.

Nilijilaza sakafuni na tochi. Chini ya meza kulikuwa na namba iliyopigwa mhuri: 061130. Lane walizipiga namba zao kinyumenyume. Isome kutoka kulia: 03, 11, 60. Meza ilikamilika tarehe 11 Machi 1960. Binti wa marehemu, mama wa makamo, alinikuta pale chini akauliza natafuta nini. Nilipomsomea tarehe aliketi juu ya ngazi. Wazazi wake walioana msimu wa vuli mwaka huohuo, na hakuwahi kujua kwamba meza aliyojifunzia kusoma ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Alipiga picha ile namba kabla hatujaibeba. Nililipa dola 85 na sikuomba punguzo.

Chumbani kulikuwa na sanduku la mwerezi, la Lane pia, na hapa naandika kwa herufi nzito moyoni mwangu. Masanduku ya Lane yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1912 na 1987 yana kitasa kinachojifunga chenyewe kifuniko kikishuka, na hakifunguki kutoka ndani. Watoto wamekufa kwa kujificha humo. Kampuni ilitangaza mwaka 1996 kubadilisha vitasa hivyo, lakini mamilioni ya masanduku yalikuwa yameshatawanyika, na yangali yanauzwa kwenye maduka ya mitumba kila wiki. Ukilinunua, kitasa kitoe kabla sanduku halijaingia ndani kwako. Usisubiri kipuri. Shemeji alikitoa kile kwa bisibisi palepale, kwa ruhusa ya mama mwenyewe, kisha tukaliacha kwa atakayelinunua.

Jioni niliifuta meza kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Kitambaa kilitoka cheusi kwa nta na moshi wa sigara wa miaka mingi, na walnati ikajitokeza imepauka, rangi ya chai yenye maziwa. Walnati hupauka kwa mwanga kadiri inavyozeeka, ilhali mcheri hukolea. Msasa sitaugusa. Vinia ya wakati ule ni nyembamba kuliko milimita moja, na mashine ya kupigia msasa inaitoboa kabla hujavuta pumzi ya pili.

Ijumaa, barabarani

Zaidi ya kilomita elfu moja, Michigan hadi mashariki ya Pennsylvania. Mvua Ohio nzima. Shemeji aliendesha, mimi nilikuwa nikigeuka kila tuta kutazama kamba.

Jumamosi, New Hope, Pennsylvania

Karakana za George Nakashima, mbunifu na seremala wa samani, ziko kwenye mteremko wenye miti, nje kidogo ya mji. Alizaliwa Spokane mwaka 1905, akasomea usanifu wa majengo, akafanya kazi Japani na Pondicherry, India. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilipowakusanya watu wenye asili ya Japani, yeye, mkewe na mtoto wao mchanga Mira walipelekwa kambi ya Minidoka, Idaho. Humo kambini alikutana na Gentaro Hikogawa, seremala aliyefunzwa kijapani, na kwa mabaki ya mbao na vichaka vya jangwani wakafanya kazi pamoja. Mwaka uliofuata Antonin Raymond, aliyewahi kumwajiri, alimdhamini akatoka, akaja hapa. Mira ndiye aliyeiendeleza karakana baba yake alipofariki mwaka 1990.

Nilichokwenda kuona zaidi ni ghala la mbao. Gogo likipasuliwa hapa, mbao zake hulazwa tena kwa mpangilio uleule wa ndani ya gogo, vijiti vikitenganisha ili hewa ipite, zikakaa miaka. Mteja alichagua ubao, na kinachotengenezwa kilianzia kwenye ubao huo. Ufa haukufichwa: ulishonwa kwa kipande chenye umbo la kipepeo, kilichozamishwa kuukatiza ili usiendelee. Kiti chake cha Conoid kina miguu miwili tu, iliyokaa juu ya mikono miwili mirefu sakafuni, na watu waliogopa kingeanguka. Hakianguki.

Kwenye meza nyingi za zamani za Nakashima jina la mteja limeandikwa chini kwa wino, kwa mkono. Familia zilizonunua mara nyingi zilitunza pia mchoro na karatasi ya oda, na vitu hivyo viwili vikiwa pamoja thamani yake hubadilika kabisa. Ukiuziwa ubao wenye ukingo wa asili na ufa uliojazwa plastiki inayong'aa, ukaambiwa ni "mtindo wa Nakashima", nenda uutazame ufa mmoja tu wa kwake. Kipepeo kinafanya kazi ya kushika. Plastiki inajaza tu.

Sikununua kitu hapa, bei zake si za watu kama mimi. Nilimwomba fundi mmoja anieleze jinsi wanavyoamua kipepeo kikae wapi, akanionesha kwa kidole njia ambayo ufa ungeifuata kama usingezuiwa. Nilichora kwenye daftari.

Jumapili, Malvern, Pennsylvania

Nyumba na karakana ya Wharton Esherick, sasa makumbusho, iko juu ya kilima. Esherick alikuwa mchoraji wa rangi aliyehamia vijijini mwaka 1913, akaanza kuchonga fremu za picha zake, na fremu zikawa bora kuliko picha. Ngazi ya ndani aliyoitengeneza mwaka 1930 inapanda kwa kujizungusha, kila kidato kikiwa bonge la mwaloni mwekundu lililotokeza kwenye shina lililopinda. Ngazi hiyo iling'olewa ikapelekwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, kisha ikarudi.

Lakini kilichonishika ni viti vyake vya mwaka 1938. Alinunua kwenye mnada mipini ya nyundo, akaitumia kama miguu na mihimili ya viti vya ukumbi wa maigizo wa Hedgerow. Mpini wa nyundo umechongwa kwa ajili ya kiganja, na mti wake huchaguliwa kwa kustahimili kipigo, kwa hiyo kiti kikatoka chepesi, kigumu, chenye nyonga nzuri bila kuongezwa kitu. Nilizunguka mara kadhaa kutafuta mahali mpini unapoingia kwenye kiti. Ulimi wa mpini, ile ncha inayozama kwenye tundu, umepita hadi upande wa pili, unaonekana, haukufichwa.

Usiku huu tunarudi Columbus. Viti vya McCobb vinabaki kwangu. Meza ya Lane ni ya dada yangu Houston, anayehamia nyumba mpya mwezi ujao. Nimemtumia picha ya namba ile na kumwachia aisome mwenyewe.